Mwanamke wa Pembeni ya Picha

Kornel wa Maximilian aliwahi kuwa mtu anayengojewa. Miaka ya sabini alikuwa opereta wa gari la sinema la serikali, na vijiji vya Ufipa vilipata habari za kuja kwake siku kadhaa kabla hajafika. Gari likitokeza, watoto walilikimbilia mpaka wakamezwa na vumbi lake. Alifunga shuka jeupe kati ya nguzo mbili, akawasha jenereta, na watu wakatazama filamu za kuchimba vyoo na kupanda mahindi kwa mstari kana kwamba wako harusini. Kazi ile ilimfundisha kushika filamu kwa kingo zake tu bila kugusa uso wa picha. Ilimfundisha pia kunyamaza wenzake wanapotazama.

Baadaye gari likaharibika, vipuri vikakosekana, likaachwa uani mpaka majani yakaota kati ya magurudumu. Kisha ikaja miaka ya ruksa, biashara ilipoachiwa huru. Maduka ya Sumbawanga, ambayo sisi tulikuwa tukipanga foleni mbele yake kwa kipande cha sabuni, yakajaa ghafla redio, mitumba, vyombo vya plastiki, na deki za video walizoleta wafanyabiashara kutoka Tunduma. Kornel alipopunguzwa kazini hakurudi shamba kama wengi walivyofanya. Alinunua deki moja na televisheni, akafungua kibanda cha bati pale mtaa wa Mazwi, kwenye kona ambayo waendesha baiskeli husimama kujaza upepo.

Vijana walimjua kwa filamu za mapigano. Lakini kazi aliyoipenda hasa ilikuwa kuponya mikanda. Huku kwetu juu kuna baridi na ukungu, na mkanda wa video ukikaa kabatini msimu mmoja wa mvua huota uvundo, ile kuvu nyeupe kama unga. Ukiuweka kwenye deki, picha inaleta chenga, inakatakata, kisha inazima. Mafundi wengine waliwaambia watu watupe. Kornel alifungua kaseti kwa bisibisi ndogo, akaupitisha mkanda wote kwenye pamba yenye spiriti, taratibu, akakata palipoliwa na kuunga. Mara moja alikuja mfugaji mmoja kutoka Mtowisa, Masanja, na mkanda wa mazishi ya baba yake uliojaa vumbi la bondeni. Kornel akauponya. Masanja alikaa kwenye benchi akamwona baba yake akishushwa kaburini, akalia bila sauti, kisha akaomba arudishiwe nyuma atazame tena. Mwaka uliofuata, akiwa amekuja mjini kwa shughuli zake, alipitia pale na mchele, akauacha mlangoni.

Kwa hiyo Kornel alikuwa mtu wa picha za watu. Yeye mwenyewe hakuwa na picha ya mama yake.

Mama yake aliitwa Stefania, wa kijiji kimoja upande wa Chala, na alifariki kabla Kornel hajaanza kutembea. Wakati huo kupiga picha ilikuwa shughuli ya safari, na Stefania hakuwahi kusafiri hivyo. Maximilian, baba yake, alioa tena na hakumtaja marehemu mbele ya mke mpya, mpaka naye akafa. Aliyebaki na habari za Stefania alikuwa mdogo wake, Klementina, ambaye ndiye aliyemlisha Kornel uji wa ulezi mpaka akawa mtoto wa kutumwa. Kornel alipomuuliza, mama yake mdogo alimwambia kwamba Stefania alikuwa mrefu, kwamba hakupenda kukaa bure, kwamba alikuwa mzuri. Watu wengine wa kijijini walimwambia hivyo hivyo. Kwa miaka mingi hayo yalimtosha. Otilia, mkewe, alisema hajawahi kumwona Kornel akimlilia mama yake, kwa sababu huwezi kumlilia mtu ambaye huna mahali pa kumweka kichwani.

Katikati ya miaka ya tisini parokia ya kule kijijini ilifanya jubilei. Ndugu za Padre Wilem, mmisionari aliyekuwa pale zamani, walituma kutoka Ulaya mkanda wa video. Padre huyo alikuwa na kamera ndogo ya filamu, ile ya kuzungusha ufunguo kama saa, na ndugu zake walikuwa wamezihamisha filamu zake za zamani kwenye mkanda. Paroko hakuwa na deki. Akamtuma mtu kwa Kornel, naye Kornel akafunga deki na televisheni kwa blanketi, akapanda lori la mizigo mpaka Chala, na kutoka hapo akabebwa kwa baiskeli.

Ukumbi wa parokia ulijaa. Wazee walikaa mbele kwenye viti, watoto sakafuni. Picha zilikuwa hazina sauti, rangi zake zimegeuka nyekundunyekundu, na zilinyeshewa mikwaruzo mfululizo. Lakini watu walikuwa hai humo ndani. Vikongwe walianza kuwataja kwa majina, kwa Kifipa, mmoja baada ya mwingine, kila mtu na marehemu wake. Kornel alisimama kando ya deki akanyamaza, kama alivyozoea.

Ikafika sehemu ya maandamano ya Sakramenti. Baba Askofu alikuja katikati ya picha chini ya mwavuli mkubwa wenye pindo, watoto wakimtangulia na maua. Kushoto kabisa, ukingoni, walisimama wanawake. Mmoja wao, mwenye mtoto mgongoni, alikwenda hatua chache sambamba na maandamano, kisha akatoka nje ya picha. Mwanamke mmoja mzee akasema, bila kupandisha sauti, "Yule Stefania."

Kornel alisimamisha mkanda. Watu wakageuka kumtazama. Alimtafuta kwa macho mama yake mdogo, aliyekuwa safu ya pili.

"Mama, ndiye?"

"Ndiye," akasema Klementina. "Na wewe huyo mgongoni."

Alirudisha nyuma. Mtoto alionekana wazi, kichwa kikubwa, mkono umetokeza nje ya kanga. Mkono wa mama ulionekana pia, ukienda nyuma kumpandisha mtoto. Lakini filamu ya Padre Wilem ilikuwa imekaa mahali penye unyevu miaka mingi, na uvundo ulikuwa umeila kutoka ukingo ule wa kushoto, ukatambaa ndani. Pale uso wa Stefania ulipokuwa, palicheza madoa ya kijani na meupe, mengine kama maua, mengine kama majivu, yakibadilika kila picha. Alipita njia ile yote na uso wake umo ndani ya madoa. Baba Askofu, katikati, hakuwa na doa hata moja.

Kornel aliomba abaki na mkanda. Paroko alikubali mara moja, kwa kuwa kila mtu alijua kazi yake, akamwomba pia ausafishe wote ili watu wa parokia wapate nakala nzuri.

Mwanzoni alidhani ni jambo la spiriti na hedi, kile kichwa cha deki kinachosoma mkanda. Alisafisha deki, akausafisha mkanda, akachezea rangi na mwanga, na uvundo ukabaki palepale. Ilimchukua muda kukubali jambo ambalo angemweleza mteja kwa dakika moja: mkanda ulikuwa mzima. Uchafu ulikuwa kwenye filamu ya kule Ulaya, na waliouhamisha waliuhamisha pamoja na picha. Kwenye mkanda ule doa na uso vilikuwa kitu kimoja.

Basi akamwomba paroko awaandikie ndugu za Padre Wilem. Filamu yenyewe, alisema, ikija mikononi mwake, hata kwa kuazimwa, atajua la kufanya. Jibu lilichelewa mpaka mvua za mwaka ule zikaisha. Paroko alilipeleka mwenyewe kibandani, akalisoma akiwa amesimama. Padre Wilem alikuwa amefariki. Nyumba aliyokuwa akiishi ilikarabatiwa, na makopo ya filamu, kwa kuwa yalikuwa yakinuka na hakuna aliyejua watu waliomo, yalitupwa pamoja na takataka nyingine. Kornel alishukuru, akamfunika paroko kwa maneno mengi ya adabu, akamsindikiza mpaka barabarani. Otilia anasema siku ile hakuonyesha filamu. Vijana walikuja wakakuta mlango umefungwa.

Miaka iliyofuata alikuwa na mazoea fulani ambayo sisi majirani tuliyaona bila kuyaelewa. Mchana, kibanda kikiwa kitupu, aliuweka mkanda wa parokia, akaupeleka kwenye maandamano, akausimamisha, akasogeza picha moja mbele, akasimamisha tena. Alikuwa na nakala, lakini nakala ilikuwa imefifia, na nakala ya nakala zaidi, kwa hiyo kila mara alirudi kwenye ule wa kwanza. Alikuwa anatafuta. Kwa kuwa madoa yalibadilika kila picha, alifikiri, huenda picha moja ilificha jicho na kuacha mdomo, na nyingine ikaficha mdomo na kuacha jicho. Aliona sikio. Siku nyingine aliona kidevu, au kitu alichodhani ni kidevu. Alimwita Otilia aje aone, na Otilia aliona madoa tu.

Fundi yeyote anajua kwamba ukisimamisha mkanda mahali pamoja, hedi inaendelea kuzunguka na kuusugua palepale. Kornel alijua kuliko wote. Alikuwa akiwakataza wateja. Mstari wa chenga ulipotokea kwenye maandamano aliuona siku hiyohiyo, akaapa kuacha. Akaacha kwa wiki kadhaa. Kisha akarudi.

Mwaka elfu mbili na tatu hivi, kijana wa Kinyakyusa aitwaye Enock alifungua ofisi ya kuchapa barua karibu na stendi, na ndani alikuwa na kompyuta iliyoweza kumeza video. Alikuwa anatengeneza za harusi. Kornel alikwenda kumsalimu kama fundi kwa fundi, akakaa kutwa nzima nyuma ya kiti chake. Aliona Enock akifuta nguzo ya umeme iliyoharibu picha ya bwana harusi: alichukua kipande cha ukuta wa pembeni, akakipandika juu ya nguzo, na nguzo haikuwepo tena. Siku iliyofuata Kornel alirudi na mkanda wa parokia kifuani, ndani ya koti.

Wakakubaliana kwamba Kornel atatunza mashine za Enock, na yeye atatumia kompyuta saa ambazo hakuna wateja. Mkanda ulimezwa salama. Walipoutoa, deki ikauvuta, ikautafuna, na mahali palipoliwa palikuwa ni pale pale palipokuwa pamechoka. Kornel aliukata, akauunga. Hakuhuzunika sana. Alikuwa na picha zake ndani ya kompyuta, zote, zimejipanga kama punje za mahindi kwenye gunzi, na kwa mara ya kwanza aliweza kusimama mbele ya moja kadiri alivyotaka bila kuidhuru.

Alijifunza upesi kuliko Enock alivyotarajia. Alianza na mikwaruzo ya Baba Askofu na watoto wa maua, ili mkono uzoee. Aliziba mkwaruzo kwa rangi iliyokuwa kando yake. Alifuta doa kwa kuazima kutoka picha ya mbele au ya nyuma mahali ambapo doa hilo halikuwepo. Ilikuwa kazi ya kweli. Watu waliokuwa wakionekana kama wako nyuma ya mvua walitoka mvuani. Paroko alipoonyeshwa kipande, aliwatambua watu ambao hakuwa amewaona mara ya kwanza, akafurahi sana.

Kisha akafika kwa Stefania. Alikusanya. Sikio la kushoto alilipata zima kwenye picha moja, akaligawia nyingine zote. Kidevu na shavu alivipata vipande vipande, na juu yake palikuwa na vidoadoa vingi vidogo, ambavyo alivifuta kimoja kimoja kwa brashi ndogo kuliko zote, mpaka ngozi ikawa laini. Jicho moja lilikuwepo, limetazama pembeni. Kompyuta ya Enock haikuwa na nafasi kubwa, na kila alipomaliza picha aliihifadhi juu ya ile ya zamani. Hakuona haja ya kutunza uchafu.

Lakini katikati ya uso, pua na mdomo, hapakuwa na picha hata moja iliyopaacha. Alitafuta zote, akarudia. Uvundo ulikuwa umekaa hapo kuanzia hatua ya kwanza ya mama yake mpaka ya mwisho.

Hapo ndipo alipomkumbuka binti yake. Fortunata alikuwa na umri wa karibu sawa na ule wa Stefania kwenye picha, na Klementina alikuwa amesema tangu msichana akiwa mdogo kwamba ni bibi yake mtupu. Kornel aliazima kamera ya harusi ya Enock. Alimfunga Fortunata mtoto wa jirani mgongoni, akamwambia atembee uani, jua likiwa upande uleule. Fortunata aliona haya, akauliza atazame wapi. Akamwambia atazame kama mtu anayemwona askofu akipita. Alitembea mara nyingi, akichekacheka, na Kornel akachukua pua yake na mdomo wake, akavipunguza rangi, akavitia wekundu wa filamu ya zamani, akavipandika.

Kazi yote ilimaliza kiangazi. Alipoiona inatembea, Stefania akiwa na uso mzima, alitoka nje ya ofisi ya Enock akasimama barabarani kwenye upepo. Enock alimfuata, akamdhania ana homa.

Alimleta Klementina mjini kwa gari la abiria. Alikuwa amezeeka lakini macho yake yalikuwa bado yanaona mbali. Otilia alimpikia samaki wa mgebuka na ugali wa ulezi, wakakaa, wakaulizana habari za nyumbani kama inavyotakiwa, na baada ya chakula Kornel akawasha. Fortunata alikaa sakafuni karibu na miguu ya bibi.

Klementina alitazama mara moja. Akaomba arudie. Akatazama tena, mikono mapajani.

"Umefanya kazi kubwa, mwanangu," akasema. "Huyu ni Fortunata."

Kornel alimweleza kwamba pua na mdomo ndivyo vya Fortunata, kwa kuwa havikupatikana, na mengine yote ni ya mama mwenyewe: sikio, shavu, kidevu, jicho. Klementina aliendelea kutazama kioo.

"Shavu hilo si lake. Stefania alikuwa na ndui."

Alieleza taratibu, kama anayesimulia jambo linalojulikana na kila mtu. Walipokuwa wasichana wadogo ndui ilipita kijijini. Yeye Klementina ilimwacha, dada yake ikamshika, na ilipotoka ilimwachia mashimo usoni, kwenye mashavu na kidevu, mengi. Upande wa Maximilian walimsema sana kwa hilo wakati wa posa. Maximilian hakuwasikiliza.

"Mama, mbona hukuniambia?"

"Ungeniuliza ningekwambia. Uliniuliza kama alikuwa mzuri. Alikuwa mzuri."

Kornel alizima televisheni, kisha akaiwasha tena. Alirudisha mpaka pale Stefania anapoingia kwenye picha, akasimamisha, akamwomba mama yake mdogo asogee karibu amwonyeshe mashimo yalikuwa wapi. Klementina alisaidiwa kuinuka. Aliweka kidole kwenye kioo, shavuni, akakiondoa, akakiweka karibu na sikio, akakiondoa tena. Fortunata anasema kidole kilibaki hewani muda mrefu.

"Sikumbuki," akasema. "Uso wa mtu wako unauhesabu?"

Kesho yake asubuhi Kornel alikuwa mlangoni kwa Enock kabla hajafungua. Alifungua picha zote, moja baada ya nyingine, akitafuta hata moja ambayo hakuwa ameigusa. Hakukuwa nayo. Enock aliangalia kila mahali ndani ya mashine, akamwambia kilichohifadhiwa juu ya kingine kimekwisha. Kornel akaenda nyumbani akachukua mkanda wa parokia, na mahali pa Stefania palikuwa na kiungo tu: maandamano yanakuja, chenga, maandamano yamepita. Nakala zake mwenyewe zilikuwepo. Kwenye nakala, uso ulikuwa vumbi juu ya vumbi, na kati ya vidoa vya uvundo na makovu ya ndui hakuna fundi yeyote duniani ambaye angeweza kutenganisha.

Alijaribu kuyarudisha makovu. Alichukua brashi ile ndogo, akaweka nukta moja shavuni mwa Stefania. Akaitazama. Akaweka ya pili chini yake kidogo, akaifuta. Enock alikuwa akichapa barua ya mtu kwenye meza ya pili, akasikia kiti kikisogezwa. Alipogeuka, Kornel alikuwa amekwisha toka, na kompyuta iko wazi.

Paroko aliendelea kuulizia nakala. Wakati huo deki zilikuwa zinaachwa, watu wanataka sidii. Kornel alifikiria kukikata kile kipande, lakini ndani yake walikuwemo wengine, baba wa mzee mmoja wa kijijini, Felisiani, akiwa na msalaba wa maandamano, shangazi za watu, watoto waliokuja kuwa wazee wa kanisa. Asingeweza kuwaondoa watu wa wenzake kwa ajili ya uso mmoja. Alikitoa kama kilivyo. Enock akatengeneza sidii, paroko akazigawa, na Stefania mwenye uso laini akaenda Chala, akaenda Namanyere, akashuka mpaka vijiji vya ziwani kwa watu waliohamia huko.

Kornel hakusafisha picha ya mtu tena. Ukimpelekea mkanda wa zamani alikuhamishia kwenye sidii pamoja na chenga zake na mistari yake, na ukilalamika alikuambia uende kwa Enock. Wengi walikwenda. Kibanda kilidumu miaka michache, kikawa kinachaji simu, kisha kikawa cha mtu mwingine. Yeye alirudi kwenye maharage na ulezi kwenye shamba la ukoo wa Otilia, na hakuwa mkulima mzuri. Alisema na watu vizuri kama zamani. Ila Otilia alituambia kwamba hata akipita mbele ya kioo cha kunyolea aligeuza uso, na kwamba alipoanza kumsimulia mjukuu habari za Stefania aliishia katikati, akamtuma mtoto maji.

Klementina alifariki mwezi wa saba, baridi ikiwa kali kabisa. Tulikwenda kumzika, gari zima kutoka Mazwi. Baada ya maziko wanaume walikaa nje wakizunguka moto, na ndani ya nyumba mtu alikuwa ameleta televisheni na betri ya gari, ili watoto watulie na wageni waone mambo ya zamani. Waliweka sidii ya parokia. Tulisikia wanawake wakitaja majina ya marehemu, kama walivyofanya mama zao. Kisha pakawa kimya, na mmoja wa wajukuu akatoka mlangoni akimtafuta Kornel.

"Babu, shikamoo. Sidii imegoma. Wamesema wewe ni fundi."

Kornel aliinuka, akaingia. Mimi nilikuwa nimekaa karibu na mlango nikaona. Picha ilikuwa imekwama kwenye maandamano, mwavuli umekatika vipandevipande. Alitoa sidii, akaielekeza kwenye mwanga wa dirisha, akaona alama ya kidole, akaifuta kwa ncha ya shati kutoka katikati kwenda nje. Akairudisha. Mwavuli ukaungana, watoto wa maua wakaanza kutembea.

"Huyo wa pembeni," mwanamke mmoja akawaambia watoto, "ndiye dada yake marehemu. Mnaona alivyokuwa? Uso hauna hata chunusi."

Watoto wakasogea karibu waone. Kornel aliuliza kama inaenda sawa sasa, wakamwambia inaenda, akatoka. Akakaa alipokuwa amekaa, akaomba kijiti, akasogeza kuni.